Meza Ndogo za Kisasa: Somo juu ya Mbao, Vipimo na Bei

Somo hili limekusudiwa makatibu na wanachama wa vyama vyenye karakana ya useremala, pamoja na vyama vinavyofikiria kuanzisha karakana hiyo. Linahusu meza ndogo za nyumbani: ile meza fupi inayowekwa mbele ya makochi, ambayo wengi huiita meza ya kahawa, na zile meza za pembeni ziitwazo stuli. Mahali patakapotumika kama mfano ni Kata ya Qurus, Wilaya ya Karatu, Mkoa wa Arusha, kwa sababu huko miti, mafundi na wanunuzi wako karibu karibu, jambo ambalo si la kawaida. Chama cha mahali pengine kitaweza kubadili majina ya miti na kuendelea na somo.

Yafaa somo lisomwe katika kikundi cha watu wasiozidi kumi. Kikundi kiwe na futikamba, mizani ndogo, kipande cha ubao mbichi na kipande cha ubao mkavu. Mwenye kusoma asome kwa sauti, na akifika penye hesabu asimame mpaka kila mmoja awe ameikokotoa.

SOKO LILILO MLANGONI

Qurus ni nchi ya mahindi, maharage, ngano na mbaazi. Kwenye mipaka ya mashamba husimama migrevilea, mti uliotoka Australia na kuenezwa Afrika Mashariki kuwa kivuli cha kahawa. Baadaye wakulima waliupenda kwa kuni na mbao zake. Mji wa Karatu uko jirani, na barabara ya lami itokayo Makuyuni hupita mjini humo kuelekea lango la Ngorongoro. Kwa sababu ya barabara hiyo, Karatu ina hoteli na nyumba nyingi za kulala wageni, na kila chumba cha mgeni huhitaji angalau meza moja ndogo ya kuweka taa, miwani na glasi ya maji.

Soko la pili ni wanachama wenyewe. Ni vigumu siku hizi kuingia katika sebule ya Mtanzania usikute seti ya makochi, meza kubwa moja katikati na stuli nne zilizofunikwa vitambaa vya kufuma. Arusi ikikaribia, seti hiyo huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kununuliwa. Hata hivyo, meza nyingi zinazopangwa madukani zimetoka ng'ambo. Baadhi yake ni za kioo na chuma. Nyingine ni za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi na kubandikwa karatasi yenye sura ya mninga. Meza ya namna hiyo ikimwagikiwa maji mara mbili tatu, huvimba pembeni kama mandazi. Mnunuzi analijua hilo, lakini hununua kwa sababu imenyooka, haina chawa wa gundi, na haijapasuka siku ya kuinunua. Fundi wa kijijini hushindwa hapo, wala si kwa kukosa ubunifu.

MTINDO WA KISASA NI NINI

Neno lenyewe meza lilikuja na Wareno, na kahawa likaja na Waarabu. Lakini watu wa pwani, ambao kahawa ni yao tangu zamani, waliinywa barazani kwa vikombe vidogo bila meza yoyote. Chakula kikaliwa katika sinia juu ya mkeka. Bara, mzee alikalia kigoda, na kibuyu kikawekwa chini. Meza fupi ya sebuleni ni kitu cha juzi, kilichofuatana na makochi. Na hata mahali kama Karatu, ambako kahawa hulimwa katika miteremko ya Oldeani, kinachowekwa juu ya meza ya kahawa kwa kawaida ni chai.

Katika karne ya 20 wabunifu wa nchi nyingine waliishughulikia sana meza hii. Eileen Gray, mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi Ufaransa, alibuni katika miaka ya 1920 meza ya pembeni ya kioo na bomba la chuma ambayo uso wake hupandishwa na kuteremshwa. Isamu Noguchi wa Marekani alibuni mwaka 1944 meza ya kioo iliyolala juu ya vipande viwili tu vya mbao, vyenye umbo moja, kimoja kikiwa kimegeuzwa. Naye Gillis Lundgren wa kampuni ya IKEA nchini Uswidi, mwaka 1956, alishindwa kuiingiza meza ndogo katika gari, akaifungua miguu. Kutokana na tatizo hilo la kubeba mzigo ulianza utaratibu wa kampuni ile wa kuuza samani zilizofungashwa bapa, ambazo mnunuzi huziunga mwenyewe nyumbani.

Hakuna sababu ya karakana ya Qurus kuiga umbo la meza hizo. Jambo la kujifunza ni kwamba zina vipande vichache. Hazina nakshi, hazina maua ya kuchonga, hazina kitambaa cha kuficha uso. Meza ya zamani yenye nakshi nyingi iliweza kusitiri kiungo kilichoachana. Meza ya kisasa haina pa kuficha. Uso wake ni ubao mtupu, na ubao huo ukipinda kwa milimita tatu, mgeni ataona kabla hajaketi. Kwa hiyo fundi anayesema kwamba mtindo wa kisasa ni rahisi kwa kuwa hauna mapambo, amelielewa jambo kinyumenyume.

VIPIMO

Meza ya mbele ya makochi huwa na kimo cha sentimita 40 hadi 45, yaani sawa na mto wa kochi au chini yake kidogo. Urefu wake usizidi sana theluthi mbili za urefu wa kochi kubwa. Kati ya kochi na meza iachwe nafasi ya sentimita 35 hadi 45: ikipungua magoti yatagonga, ikizidi mgeni atainuka kila mara anapotaka kikombe. Stuli ya pembeni huwa na kimo cha sentimita 50 hadi 60, ifikie mkono wa kochi. Fundi asikubali oda ya stuli kabla ya kupima mkono wa kochi la mteja, kwa sababu makochi hutofautiana, na stuli iliyouzidi mkono wa kochi kwa kimo humwagiwa chai.

Jambo moja zaidi, nalo ni usafiri. Kutoka Karatu hadi mjini Arusha ni zaidi ya kilomita 130, na mzigo hulipiwa kwa nafasi unayochukua. Meza ambayo miguu yake hufunguliwa kwa boliti hulazwa bapa. Meza nne zikifungwa pamoja huchukua nafasi ya moja. Mafundi wengi hudharau boliti wakidhani ni dalili ya udhaifu. Boliti nene iliyoingia katika nati ya chuma iliyozamishwa ndani ya mbao ni imara kuliko msumari wowote.

MBAO NA MAJI YALIYOMO NDANI YAKE

Sehemu hii isomwe polepole, na ikibidi irudiwe siku ya pili.

Ubao uliopasuliwa jana una maji mengi. Uzito wa maji hayo, ukilinganishwa na uzito wa ubao ukiwa mkavu kabisa, mara nyingi huzidi asilimia 60. Ubao unapoanza kukauka, maji yaliyo ndani ya mirija ya mti hutoka kwanza, na ubao haubadiliki umbo. Unapofika kiasi cha asilimia 30, maji yaliyobaki ni yale yaliyonywewa na nyuzi zenyewe. Kuanzia hapo, kila maji yanapopungua ubao husinyaa. Haya yafaa yakumbukwe, maana fundi huona ubao umekuwa mwepesi, hauna tena alama ya maji, akadhani umekauka, kumbe kusinyaa ndiyo kwanza kunaanza.

Tena ubao hausinyai sawasawa pande zote. Kwa urefu karibu haupungui kitu. Kwa upana, ubao uliopasuliwa kwa kufuata mzunguko wa pete za mti husinyaa kiasi cha mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea kiini. Ndiyo sababu ubao mpana hupinda kama gae la chungu.

Kikundi kifanye hesabu hii. Uso wa meza una upana wa sentimita 60. Mbao zake ni za mti ambao hupungua asilimia 6 ya upana wake ukikauka kutoka asilimia 30 ya maji hadi sifuri. Maana yake ni kwamba kila asilimia moja ya maji inayotoka hupunguza asilimia 0.2 ya upana. Fundi ametumia mbao zenye maji asilimia 20. Meza imewekwa katika chumba ambamo mbao hutulia kwenye asilimia 10. Maji yaliyotoka ni asilimia 10. Upana uliopungua ni asilimia 2. Na asilimia 2 ya sentimita 60 ni milimita 12. Uso wa meza umetafuta kusinyaa kwa upana wa kidole, lakini fundi ameupigilia misumari kwenye fremu isiyosogea. Ubao hauna njia nyingine ila kupasuka.

Ubao mkavu nao haubaki mkavu milele. Ni kama chumvi ya jikoni: hunywa unyevu wa hewa wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Hewa yenye unyevu wa asilimia 50 huutuliza ubao kwenye asilimia 9 hivi ya maji. Hewa ya asilimia 65 huutuliza kwenye 12. Hewa ya asilimia 80 kwenye 16. Kwa hiyo katibu anapoandika oda aulize meza inakwenda wapi. Dar es Salaam ni kwenye unyevu wa bahari. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ulioko juu kiasi cha meta 2,300, una ukungu mwingi asubuhi. Lakini chumba cha mgeni huko huwashwa moto jioni, na meza iliyo karibu na moto hukauka kuliko fundi alivyotazamia. Meza moja inaweza kuvimba alfajiri na kusinyaa usiku.

Kuna mambo mawili ya kufanya, na yote mawili ni ya lazima. La kwanza ni kukausha mbao hadi asilimia 10 au 12. La pili ni kuunga uso wa meza kwa namna inayouruhusu kusogea. Badala ya misumari, fundi atumie vishikizo vidogo vya mbao ambavyo ulimi wake huingia katika mfereji wa fremu, au atoboe matundu marefu kwenye fremu ili skrubu iweze kuteleza. Miguu iungwe na fremu kwa ulimi na tundu, siyo kwa misumari. Vanishi ipakwe juu na chini ya uso kwa idadi ileile ya mipako. Upande mmoja ukiachwa wazi, utakunywa unyevu peke yake na ubao utapinda. Kwa meza ya vikombe vya moto, vanishi ya poliyurethani hustahimili kuliko lakiri ya spiriti, ambayo huacha duara jeupe kila kikombe kinapowekwa.

KUKAUSHA

Kanuni ya zamani ya maseremala ni mwaka mmoja wa kukausha hewani kwa kila inchi moja ya unene, yaani milimita 25. Mbao laini kama za msaipresi na msindano zikipangwa vizuri huweza kukauka kwa muda mfupi zaidi. Mbao nene hukawia zaidi ya hesabu hiyo: ubao wa milimita 50 huchukua zaidi ya mara mbili ya muda wa ule wa milimita 25. Wateja wengi siku hizi huomba meza ya gogo lililopasuliwa pana na nene, lenye ukingo wa asili usiokatwa, na pengine nyufa zake kujazwa epoksi ya rangi. Meza hiyo hupendeza. Lakini ndiyo inayohitaji subira kupita zote, na karakana isiyo na magogo yaliyopasuliwa miaka miwili au mitatu iliyopita iseme wazi kwamba haiwezi kuitengeneza.

Namna ya kupanga ni hii. Mbao zipangwe chini ya paa, mahali penye upepo na pasipo jua la moja kwa moja, juu ya magogo au matofali yanayoinua rundo nusu meta kutoka ardhini ili mchwa waonekane wakipanda. Kati ya safu na safu ziwekwe fito zenye unene sawa, sentimita mbili au mbili na nusu, na fito za juu zisimame wima juu ya fito za chini. Zikipishana, mbao hupinda. Ncha za mbao zipakwe rangi ya mafuta siku ileile ya kupasuliwa, kwa kuwa maji hutoka haraka kupitia ncha na huko ndiko mipasuko huanza. Juu ya rundo vitiwe vitu vizito.

Kujua kama mbao zimekauka hakuhitaji mashine ya bei kubwa, ingawa kipimo kidogo cha umeme chafaa kikipatikana. Kipande kikatwe sentimita 30 ndani kutoka kwenye ncha na kupimwa uzito. Kikaushwe katika oveni kwenye joto la nyuzi 103 mpaka uzito wake usipungue tena. Tofauti ya uzito igawanywe kwa uzito wa mwisho. Kipande kilichokuwa na gramu 138 kikabaki na gramu 120 kimepoteza gramu 18. 18 kwa 120 ni asilimia 15. Bado. Chama kisicho na oveni kichague mbao tatu za mfano katika rundo, kizipime kila baada ya majuma mawili na kuandika uzito juu ya mbao zenyewe kwa penseli. Uzito ukisimama pale pale mara tatu mfululizo wakati wa kiangazi, mbao zimetulia na hewa ya mahali hapo.

Sasa ndipo linapokuja suala la ushirika. Fundi wa pekee anafahamu mambo haya, au mengi yake. Baba yake alikuwa akiegemeza mbao ukutani mwaka mzima. Lakini fundi ana ada ya shule ya kulipa mwezi ujao, na fedha aliyonunulia mbao haiwezi kulala kiangazi na masika. Hukata mbao kabla hazijakauka kwa sababu ya njaa, wala si kwa ujinga. Chama kinaweza kufanya kile ambacho yeye hawezi: kununua mbao za pamoja baada ya mavuno, kuzipanga, kuzilinda, na kumwuzia mwanachama ubao mkavu wakati wake ukifika. Karakana nyingi za vyama zimenunua mashine ya randa kabla ya kujenga banda la kukaushia. Huko ni kuanzia mwishoni.

MBAO ZITOKE WAPI

Migrevilea na misaipresi ya mashambani ndiyo iliyo karibu. Mbao za mgrevilea zina madoa ya kung'aa yanayopendeza zikipasuliwa kuelekea kiini, nazo zafaa sana kwa uso wa meza za kisasa. Vumbi lake huwasha ngozi ya baadhi ya watu, hivyo fundi afunge kitambaa usoni. Sehemu nyeupe ya nje ya mti iondolewe, maana wadudu watoboao mbao hupenda kuanzia hapo. Mninga, mkongo na mvule hutoka mbali na bei zake ni kubwa. Mtiki hutoka katika mashamba ya serikali kama Longuza na Mtibwa.

Msitu wa hifadhi wa nyanda za juu, ulio katika eneo la Ngorongoro juu ya mashamba ya Karatu, si mahali pa kutafutia mbao. Maji ya visima na chemchemi za wilaya hutegemea msitu huo. Kampeni ya redio ya Misitu ni Mali, iliyosomwa na vikundi nchini mwaka 1980, ilieleza haya kwa mapana, na wazee walioshiriki wanaweza kuulizwa. Chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, uvunaji na usafirishaji wa mazao ya misitu una vibali vyake. Katibu aulize ofisi ya misitu ya wilaya kabla mti haujaangushwa, hata kama mti ni wa shambani, na stakabadhi zote zihifadhiwe katika jalada la oda. Hoteli nyingi siku hizi huuliza mbao zilitoka wapi, na chama chenye jalada hujibu papo hapo.

BEI

Tarakimu zifuatazo ni za kujifunzia tu. Kila chama kitie bei za mahali pake. Meza moja ina urefu wa sentimita 100, upana 60 na kimo 42.

Mbao: Sh. 45,000
Gundi, msasa, vanishi na boliti: Sh. 15,000
Kazi ya fundi, siku 3: Sh. 60,000
Umeme na mashine: Sh. 8,000
Usafiri: Sh. 7,000
Uchakavu wa vifaa: Sh. 5,000
Jumla: Sh. 140,000

Fundi wa pekee huhesabu mistari miwili ya kwanza, akapata Sh. 60,000. Akiuza meza kwa Sh. 120,000 husema amepata faida ya Sh. 60,000. Kumbe alichopata ni ujira wake, tena haukutimia: mistari mingine imekula Sh. 20,000 ya ujira huo. Akiuza meza kumi kwa namna hiyo atakuwa amejipunja Sh. 200,000, na huenda akasifiwa kwa bei nafuu.

Katika jumla hiyo gharama ya kungoja bado haijaingia. Mbao za Sh. 45,000 zikilala bandani mwaka mmoja kwa mkopo wa riba ya asilimia 15, huongeza Sh. 6,750. Katika kila mbao kumi moja itapasuka au kupinda, nayo ni Sh. 4,500. Gharama halisi ni Sh. 151,250. Juu yake ndipo chama kitaweka ziada. Bei hii itazidi ya jirani anayetumia mbao mbichi, na mwuzaji wa chama lazima aweze kumweleza mteja sababu yake kwa maneno machache, akiwa na ubao wenye tarehe na uzito ulioandikwa kwa penseli mkononi mwake.

Malipo ya awali ya mteja yaandikwe katika vitabu kuwa deni, siyo mapato. Ni mali ya mteja mpaka meza ifike na kupokewa. Fedha hiyo isitumike kwa mbegu, wala kwa posho ya mkutano, wala kumkopesha mwanachama aliyefiwa, hata kama sababu ni njema namna gani.

MFANO WA KUJADILIWA

Chama kifuatacho ni cha kubuni. Kina mafundi 14. Mwezi wa Mei kilipata oda ya meza 12 za vyumba vya wageni, zifike mwisho wa Julai, na nusu ya bei ikalipwa mapema. Mbao zilizokuwapo zilipasuliwa mwezi wa Februari. Fundi mmoja, ambaye ndiye mkubwa kwa umri, alisema katika kikao kwamba mbao hazijakauka na kwamba mteja aombwe kungoja hadi Oktoba. Kamati ilimjibu kuwa mteja atakwenda kwingine. Muhtasari wa kikao uliandika maneno ya pande zote mbili. Kazi ikagawanywa, mzee akapewa meza saba kwa sababu mkono wake ni mzuri.

Meza zilipokewa Julai, na zilisifiwa. Kufikia mwisho wa Septemba, baada ya miezi miwili ya moto wa jioni, nyuso za meza saba zilikuwa zimepasuka katikati. Tano kati ya hizo zilitengenezwa na yule mzee. Mteja alizirudisha zote saba na kudai fedha yake au meza mpya. Sehemu ya malipo ya awali ilikuwa imekwisha tumika kununua mbolea ya wanachama. Katika mkutano, mwanachama mmoja alitaka kila fundi alipie meza aliyoitengeneza, kwa kuwa kila meza ilikuwa na jina la fundi wake chini. Mzee hakujitetea. Alimwomba katibu asome muhtasari wa Mei.

Ni wazi kwamba kwa haki mzigo huu ni wa chama kizima, kwa kuwa kamati ndiyo iliyochagua tarehe, na fundi alitii. Lakini kusema hivyo hakulipi meza saba, na wanachama ambao hawakushika randa watauliza kwa nini wakatwe. Kikundi kijibu maswali haya kwa maandishi, na katibu apeleke majibu kwenye mkutano ujao wa chama:

1. Kwa kutumia gharama ya Sh. 151,250 kwa meza, chama kitahitaji fedha kiasi gani kutengeneza meza saba upya? Fedha hiyo itoke wapi, ikiwa mbolea imekwisha tiwa shambani?

2. Nyuso zilizopasuka zinaweza kufunguliwa, kuunganishwa tena na kufungwa kwa vishikizo. Je, mteja aelezwe hivyo, au apewe meza mpya tu?

3. Katibu angeandika barua gani kwa mteja mwezi wa Mei, ya kuomba ngoja hadi Oktoba, ambayo ingemfanya abaki? Kikundi kiiandike barua hiyo kwa ukamilifu.

4. Kanuni za chama chenu zinasema nani ana mamlaka ya kusema kwamba mbao zimekauka: kamati, au fundi?